Injini ya kubadilishia gari ya maweni: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Mtu akitaka kubadilisha injini ya fowili yake hapa Zanzibar, jambo la kwanza analouliza ni nguvu za farasi. Hilo ni swali la lami. Ukiingia maweni ya Charawe na Ukongoroni, au Micheweni kule Pemba, gari inapanda jiwe hili ikishuka lile, mwendo ni wa mtu anayetembea taratibu, na jiwe lenyewe ni tumbawe kavu lenye makali ya kuchana ubavu wa tairi. Huko inatakiwa injini inayovuta mizunguko ikiwa midogo, isiyochemka hata gari ikiwa karibu imesimama, inayovumilia chumvi, na ambayo gasketi yake unaipata leo, bila kusubiri kontena la Dubai. Kwa mambo hayo manne ndivyo nilivyozipanga. Anayetaka gari ya kukimbia njia ya Paje, orodha yake ni nyingine.

Kabla hujatoa pesa, piga hesabu ya gia. Chukua Hilux ya zamani: gia ya kwanza inapunguza mizunguko ya injini karibu mara 3.95, transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) ikiwa kwenye gia nzito mara 2.28, difu mara 4.1. Zidisha zote tatu, unapata kama 37. Injini ikizunguka mara 700 kwa dakika bila kukanyaga mafuta, tairi inazunguka mara 19 tu, na kwa tairi ya inchi 31 mwendo huo haufiki kilomita 3 kwa saa. Injini isiyozima katika hali hiyo, mzigo ukiwa juu, inafaa kwa mawe. Ile inayotaka mizunguko 3,000 ndipo ianze kuvuta itakulazimisha uchezee klachi, na klachi itaungua hujafika unapokwenda. Wapo wanaonunua injini kubwa na kumbe shida yao ilikuwa difu.

Ya kwanza: Toyota 5L, na 3L nyuma yake kidogo

5L ni dizeli ya silinda nne, cc 2,986, haina tabo, yaani kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Nguvu yake ya kuvuta ni kiasi cha Nm 200, namba isiyomtisha mtu. Lakini nguvu hiyo inakuja mapema, kwenye mizunguko 2,400 hivi, na chini ya hapo injini haizimi ovyo. Pampu yake ya dizeli ni chuma kitupu: ikishawaka, umeme inaouhitaji ni wa ile valvu ndogo inayofungua njia ya mafuta. Maji ya bahari yakirukia ndani ya boneti, kama yalivyorukia gari nyingi kwenye ile njia ya mawe ya Unguja Ukuu kwenda Uzi wakati wa maji kujaa, hakuna waya wa plagi wa kulowana wala kontroliboksi ya kushika kutu.

Kilichoipandisha juu ya nyingine zote ni Hiace. Daladala zimebeba 3L na 5L miaka na miaka, Visiwani na Bara, kwa hiyo fundi anayeijua humtafuti mbali, na pistoni, ringi, gasketi na nozeli unazikuta kwenye maduka ya spea mjini. Zikikosekana, Gerezani Dar es Salaam zipo na boti inazileta. Tena 2L, 3L na 5L ni ndugu wa tumbo moja. Mauntini, yaani viegemeo vinavyoibeba injini kwenye chasisi, na mahali pa kufungia giaboksi vinalingana, hivyo Hilux iliyokuja na 2L inapokea 5L bila chasisi kuguswa na mashine ya kuchomelea. Hilux ya petroli ina habari nyingine: hapo nunua injini pamoja na giaboksi yake ya dizeli, usikubali kuuziwa sahani ya kuunganishia iliyochongwa kwa kukisia.

Angalia herufi. 5L-E si 5L. Kwa Toyota, E mwishoni inaonyesha kuwa mafuta yanaongozwa kwa umeme, na pampu ya 5L-E ina waya na sensa zake. Si injini mbaya, ila ile sababu yangu kubwa ya kuisifu inakuwa imeondoka. Na mkanda wa taimingi ubadilishe injini ikiwa bado iko chini, hata muuzaji akikuapia kuwa ni mpya.

Ya pili: Toyota 1HZ

Kwa mwenye Land Cruiser ya 70, hii ndiyo ya kwanza wala hana haja ya kusoma mbele. Silinda sita, cc 4,164, karibu Nm 280, pampu ya chuma, na subira ya ajabu kwenye kilima. Pemba ya vilima na udongo mwekundu, masika yakishalowesha, utelezi unataka injini inayosukuma polepole bila kurusha matairi, na 1HZ inafanya hivyo siku nzima.

Nimeishusha ya pili kwa ajili ya wanaotaka kuitia kwenye Hilux. Ni ndefu na nzito. Springi za mbele zinakaa, rejeta inasukumwa mbele hadi kwenye grili, na pua ikishuka, ekseli inaanza kutafuta sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kila gurudumu linapopanda. Kwenye mawe pua nzito ni adhabu, na kiu yake ya dizeli si ndogo.

Ya tatu: Land Rover 200Tdi

Hapa nina mapenzi ya wazi. Dizeli ya cc 2,495 yenye tabo, na ile iliyotoka kwenye Discovery inatoa Nm 265 kwenye mizunguko 1,800. Soma namba hizo mbili pamoja. Kwa ukubwa wake hakuna nyingine humu inayovuta chini namna hiyo. Inafungana na giaboksi ya Land Rover za kale, zile za Series, kwa kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani, na pampu yake haina kompyuta. 300Tdi iliyofuata ni nzuri pia, lakini mauntini zake zinataka kutengenezwa upya.

Kinachoirudisha nyuma ni spea. Nyingi utaziagiza. Na ekseli za nyuma za Series, zile nyembamba, hazikuundwa kwa nguvu hizo. Ukikanyaga kwa pupa gurudumu likiwa limebanwa kati ya mawe mawili, inakatika, na unalala maweni.

Ya nne: Suzuki G16A ya valvu nane

Kwa mwenye SJ413 tu. Injini yake ya asili ni cc 1,324. Hii ni cc 1,590 na inakaa kwenye giaboksi ile ile. Gari nyepesi haihitaji zaidi. Inapita mahali ambapo Land Cruiser inachubua mlango.

Baada ya hapo naweka Toyota 3RZ-FE, petroli ya cc 2,693 yenye cheni ya taimingi. Ni laini na ina nguvu, na kwa kuwa haina kabureta haizimi gari ikiinama ubavu, jambo linalowasumbua wenye 22R, petroli ya Toyota yenye kabureta, maana mafuta ndani ya kabureta huhama upande mmoja. Lakini Nm 240 zake zinakuja kwenye mizunguko 4,000, na waya zake zote ziko kwenye hewa yetu ya chumvi.

1KZ-TE ni kishawishi. Ina cc 2,982 na tabo, ipo kwenye Prado na Surf nyingi, inavuta vizuri, na silinda hedi yake inajulikana kwa kupasuka injini ikichemka. Maweni ndiko injini inakochemka. Kama unayo tayari, itunze. Kuinunua makusudi kwa kazi hii, hapana.

Za mwisho ni D-4D kama 1KD, dizeli za Toyota zinazoongozwa na kompyuta, na V8 za petroli. Marekani, kwenye miamba ya Moab na Johnson Valley, V8 za Chevrolet za ukoo wa LS zinapendwa, na kwao ina maana: spea ziko mlangoni. Hapa nozeli moja ya D-4D ikiharibiwa na dizeli chafu, gari inakaa uani.

Rejeta ni nusu ya injini

Sehemu hii ndiyo inayoua injini nzuri. Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa hakuna upepo unaoingia kwenye grili. Hewa yote inavutwa na feni. Kwa hiyo kava la feni lazima liwepo, na liwe limezunguka feni yote, kwa sababu bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya hewa iliyopita kwenye rejeta. Kava hilo ndilo la kwanza kutupwa injini ikibadilishwa, eti halikai sawa. Mwambie fundi alitengeneze.

Themostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto, isitolewe. Kwenye injini nyingi za Toyota ndiyo inayofunga pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari inachemka palepale ulipotaka ipoe. Na maji ya kisima usitie. Visima vya maweni vina chokaa, vya karibu na pwani vina chumvi, na magamba yake yanaziba rejeta kidogo kidogo. Tia kulanti.

Unapokwenda kuichagua

Injini iliyopigwa rangi ya fedha haikuambii kitu. Fungua kifuniko cha oili ukitazame kwa ndani: ute mzito wa rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili. Tia kidole kwenye mdomo wa bomba la maji. Tope jekundu ni kutu ya muda mrefu. Kagua vifuniko vya duara ubavuni mwa bloku, vile vya bati, kama havijaliwa. Kisha omba iwashwe, wacha ipate moto, legeza kifuniko cha oili ukiache kimekaa tu juu ya tundu. Kikitetema kidogo ni sawa. Kikirukaruka na moshi unatoka, ringi zimekwisha na unachonunua ni ovaholi.

Chukua stata, alternata, pampu na mauntini za injini hiyo hiyo, zote siku moja, maana kimoja kimoja baadaye kitakugharimu zaidi. Linganisha nambari iliyogongwa kwenye bloku na iliyo kwenye karatasi za muuzaji, kwani kadi ya gari itabidi irekebishwe kwa nambari hiyo. Ikiwa imesagwa au imegongwa upya, iache hata kama bei imeteremka.