Kioo kinachong'aa au kisichong'aa: laptopu ipi kwa Arusha?

Kwenye laptopu za mtumba Arusha, zile za maofisini kama ThinkPad, Latitude na EliteBook kwa kawaida huja na kioo kisichong'aa. MacBook nyingi zinang'aa kama kioo cha kujitazamia.

Tofauti iko kwenye uso wa kioo. Kinachong'aa ni laini, mwanga unapita bila kuvurugwa: weusi unakolea, rangi zinachangamka. Anayechambua picha za Serengeti ofisini, pazia likiwa limefungwa, atakipenda. Lakini toka nacho barazani saa sita mchana, utaona mti, ukuta wa jirani na uso wako mwenyewe kabla ya kuona barua pepe. Kuongeza mwanga kunasaidia kiasi, ila betri inaisha upesi, na siku umeme umekatika hilo linauma.

Kisichong'aa kina mikwaruzo midogo mno iliyowekwa makusudi ili kutawanya mwanga. Taa ya dari inabaki doa lililofifia tu. Rangi hupoa kidogo, na kwenye ukurasa mweupe wengine huona chengachenga. Alama za vidole hazionekani sana.

Vioo vya kugusa? Vingi vinang'aa.

Kwa mtu wa ripoti na Excel, meza yake ikiwa karibu na dirisha, ningechukua kisichong'aa bila kusita. Aliyekwisha nunua kinachong'aa anaweza kubandika utando wa kupunguza mng'ao. Kukigeuza kisichong'aa king'ae ndiyo kazi.