Betri ya gari la kulala lenye jenereta: ipi kwanza, ipi mwisho

Ukitoka Malindi kwenda kulala Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, kabla ya kuuliza bei ya betri uliza jenereta itanguruma saa ngapi kuijaza. Petroli huishia hapo.

Kwa hivyo naanza na lithiamu (LiFePO4), japo bei yake inauma. Betri ya risasi (AGM na ya maji, zitajazo hapo chini, zote ni za risasi) hunywa chaji haraka mwanzoni, kisha asilimia 20 ya mwisho huichukua kwa saa nyingi. Lithiamu hupokea kwa kasi karibu ileile hadi ikaribie kujaa. Tena kwenye ampea-saa 100 (kipimo cha umeme ambao betri huhifadhi) unatumia 80 bila wasiwasi; ya risasi ukiipitisha 50 kila siku, unaiua mapema. Basi ilinganishe na bei ya betri mbili za risasi. Ila lithiamu usiizungushie stata ya jenereta, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu, maana kinga ya ndani ya betri hiyo huweza kukata umeme ghafla.

Ya pili ni betri kavu aina ya AGM. Haimwagiki, na matuta haiyaogopi sana. Joto ndilo huila, na joto la Pwani mwalijua: iweke mbali na injini.

Ya tatu ni betri ya maji, zile za sola. Nafuu, lakini utaiongezea maji ya betri mara kwa mara, na sanduku lake lazima lipitishe hewa, kwani hutoa hidrojeni.

Betri ya kawaida ya gari iwashe jenereta tu. Kwa friji, usijaribu.

Sasa waya, ambapo watu hubania pesa. Friji ya ampea 10 ikiwa mita 5 kutoka kwa betri, waya wa milimita mraba 2.5 hupoteza kama volti 0.7, kwenda na kurudi. Wa 6 hupoteza 0.3. Friji ikijizima, lawama huangukia betri. Kwa hewa hii ya chumvi, tafuta shaba iliyopakwa bati, na fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya betri.

Tundu la volti 12 la jenereta ndogo mara nyingi hutoa ampea 8 hivi, tena bila udhibiti mzuri. Nunua chaja ya kuchomeka kwenye soketi ya volti 240. Ya ampea 40 huvuta wati 650 hivi. Jenereta ya wati 1,000 huibeba kwa taabu, ya 2,000 haisikii.