Jaketi ya "kimya" iliyonifukuzia swala sitatunga

Hii jaketi niliuziwa duka moja Kisumu, jina nawasitiri, ati ni ya wawindaji wa kulungu huko Marekani kwa theluji, mnyama hakusikii kabisa. Mimi siwindi, na hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, mimi ni mtu wa kamera. Nikawaza kama inadanganya kulungu si itadanganya pia sitatunga, yule swala wa kinamasi wa Saiwa, na wenye wameenda ile mbuga karibu na Kitale wanajua huyo mnyama ni mwoga, lazima uwe juu ya mnara wa mbao kabla jua litoke na hiyo saa baridi inauma hadi meno.

Kila kitu kilikuwa sawa. Upepo unatupiga usoni kwa hivyo harufu yetu inaenda nyuma, simu zimezimwa, mzee anayetuongoza hata kukohoa hakohoi. Akatokea dume, pembe zimejisokota, anapita polepole kwenye mafunjo na zile kwato ndefu zinazopanuka asizame. Nikainua kamera, mkono ukagusa ubavu, KWARRR, kama pakiti ya krisps! Baridi ilikuwa imekaza ile nailoni, na pale pametulia hivi kwamba hakuna kelele nyingine ya kuficha yako. Akasimama, masikio kwetu, akazama majini ikabaki pua, halafu hata pua sikuiona tena. Mzee aliniangalia tu. Afadhali angenitukana.

Na nani aliweka velkro kwa mfuko wa kifua?? Ya kuwindia!

Nikairudisha dukani. Yule kijana hata macho hakutoa kwa simu, "Si ulipata joto boss?" Nikamwambia joto sikuulizia. Ati "basi ukivaa usisonge." Usisonge! Nilipe pesa yote hiyo nigeuke mti?

Yenyewe joto iko, siwezi danganya, na mvua haiingii, mtu wa bodaboda anaweza chukua. Ama wacha tu, hao watu hawastahili hata shilingi. Nenda soko la Kibuye utafute flisi ya mitumba ama sweta ya sufu, hiyo ndiyo ikae juu, ya kuzuia upepo ivaliwe ndani. Mzee wetu alikuwa na sweta imetoboka kiwiko na hakuna siku nimesikia mkono wake. Pesa yangu bado wanayo.