Noah yangu ya 2004: hedi iliyofunguliwa bila faida, na karakana ya Kisumu iliyomaliza shida

Kama una Noah ya zamani, ile ya AZR60 iliyotengenezwa kati ya 2001 na 2007, na inakunywa maji bila kudondosha hata tone chini, soma hapa kabla hujamruhusu mtu kufungua hedi, kile kichwa cha juu cha injini. Mimi nimelipia kazi hiyo mara mbili. Pesa ya kwanza ilienda bure. Ya pili ndiyo ninayotaka kuisifia, ingawa nayo sikuridhika na kila kitu.

Yangu ina injini ya 1AZ-FSE, lita mbili, ile iliyoandikwa D-4. Napika kwenye sherehe, matanga na mikutano ya kanisa, kwa hiyo viti vya nyuma hukunjwa na masufuria yakajaa hadi darini. Kwenda Ahero au Awasi, tambarare yote ile ya mpunga, gari halikuwa na neno. Tatizo lilianza kwenye mlima wa kwenda Kericho. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Kericho inakaribia 2,000, na ukiwa umepakia, injini haipati kupumua njia nzima. Mshale wa temperecha ulikuwa ukipanda pamoja nasi. Ukisimama upoe, ukiongeza maji, unafika. Kesho yake rejeta inadai tena.

Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilianza kwa kung'oa thamostati, valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, na kuunganisha feni moja kwa moja izunguke muda wote. Naona mafundi wengi bado wanaiita hiyo dawa. Bila thamostati injini haifikii joto lake kwenye barabara tambarare, kompyuta inadhani bado ni baridi na inazidi kumwaga petroli, halafu mlimani unachemsha vilevile. Ilipochemsha vilevile wakafungua hedi, wakaiskim, yaani wakausawazisha uso wake kwa mashine, wakaweka gasketi mpya ya kuziba chini yake, wakafunga. Kwa muda ilitulia, nikaanza hata kuwapelekea wateja. Kisha maji yakaanza kupungua kama zamani, nao wakaniambia sasa ni injini imekufa, nitafute ya kutoka Japani. Bei waliyonipa ilikuwa shilingi 95,000 kabla ya ufundi.

Ni kijana wa duka la spea aliyenielekeza karibu na Obote Road. Karakana yenyewe haina kibao. Uliza tu mtu wa hedi za D4.

Huyu fundi hakugusa spana siku ya kwanza. Alitaka gari lilale pale lipoe kabisa. Asubuhi akafunga kipampu cha mkono kwenye mdomo wa rejeta, akajaza presha, akachukua tochi na kioo kidogo, akachungulia nyuma ya injini, upande unaotazama dereva, pale hedi inapokutana na bloku, mwili wa injini. Akaniita. "Mama, kuja ujionee mwenyewe." Palikuwa na ukoko wa rangi ya waridi, kulanti (maji ya kupozea injini) iliyovuja kidogo kidogo na kukaukia kwenye chuma cha moto. Ndiyo maana chini hapakuwa na tone.

"Hapa shida si gasketi," akasema. "Ni bolti hazina mahali pa kushika."

Nitaeleza alivyonieleza, maana hakuna aliyewahi kuniambia haya. Bloku ya injini hii ni ya alumini, na hedi inabanwa na bolti 10. Joto la miaka linachosha thredi, ile mikato ya kushikia bolti, zilizokatwa ndani ya alumini, na mara nyingi zinazoanza kulegea ni zile za katikati upande wa nyuma. Toyota wenyewe baadaye walirefusha thredi hizo kwenye injini za familia hii. Bolti hizi hufungwa kwa torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwanza, kisha unaongeza digrii 90. Ikiwa moja inazunguka tu bila kukaza, thredi zimeng'oka, na hapo hata ukiweka gasketi ya dhahabu maji yatapita. Nilimuuliza kuhusu injini ya Japani. Akacheka. Hiyo nayo ni ya mtumba, ina umri uleule na thredi zilezile.

Walipofungua, bolti tatu zilitoka zikiwa zimejizungushia nyuzi za alumini. Alinipa moja mkononi. Tulibishana kidogo hapo: mimi nilitaka zitengenezwe tatu, yeye alisisitiza zote 10, kwamba zilizobaki zitafuata na hedi itabidi ifunguliwe tena. Alinishinda, na akapunguza bei hadi 15,000 kwa matundu yote. Kazi ni kutoboa tundu liwe pana, kukata thredi mpya, kisha kuingiza kikombe cha chuma chenye thredi ndani na nje, bolti ikashike chuma badala ya alumini. Ukitoboa kwa mkono tundu linaenda upande. Wao wana bamba nene linalofungwa juu ya bloku kuongoza drili, na silinda walizifunika kwa vitambaa ili chembe zisiingie.

Kilichonifanya nimwamini zaidi ni jambo ambalo hakunitoza. Alipima hedi kwa rula ya chuma, akaona iko sawa, akakataa kuiskim tena. Gereji nyingine zingeiskim tu na kuandika bili.

Valvu za hewa zilikuwa nyeusi tii. Kwenye D4 petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu kuziosha, hivyo masizi ya EGR, mfumo unaorudisha moshi ndani ya injini, na mvuke wa oili yanagandamana pale. Walisafisha, na ile mitetemeko kwenye foleni ya Kondele imeisha. Thamostati mpya ikarudi mahali pake, feni ikarudishiwa waya zake, kulanti nyekundu badala ya maji ya mfereji. Kisha tukapanda naye hadi Kericho nikiwa nimepakia mchele na masufuria, yeye mwenyewe akiwa ameshika usukani. Asubuhi iliyofuata akafungua rejeta ikiwa baridi. Maji yalikuwa palepale. Tangu hapo nimeenda Nakuru kwa njia ya Mau Summit na mzigo kamili, na mshale haujatikisika.

Jumla nililipa 58,000, pamoja na gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, bolti mpya na kulanti.

Sasa malalamiko. Spea zilichelewa kutoka Nairobi na hakuna aliyenijulisha. Nilijua kwa kwenda mwenyewe. Risiti niliandikiwa kwenye kipande cha boksi la gasketi, sijui mhasibu wa chama chetu ataipokea vipi. Kapeti ya mlango wa dereva ilirudi na grisi. Na kuna plastiki chini ya waipa ambayo klipu yake ilivunjwa, inagongagonga kwenye kila shimo la barabara, nayo klipu nimeahidiwa tangu Pasaka.

Nawapa nyota nne. Ukienda, peleka gari jioni ili lilale pale lipoe, na usihangaike kumpigia simu. Haishiki.