Seti ya kulehemu ya shilingi 1,850: nilivyobadilisha tundu la chaja la laptopu yangu

Laptopu yangu ilianza kuchagua. Chaja ukiichomeka ikakaa sawa, haipati moto. Ukiiinamisha kushoto na kuegemeza daftari chini ya waya, kitaa kinawaka, halafu mtu akipita karibu na meza kinazima. Mimi nafundisha watoto masomo ya ziada hapa Tudor, Mombasa, na mitihani yangu yote imo humo ndani. Fundi mmoja mjini aliniambia shilingi 3,500 na niiache siku nne. Pesa ningezitafuta, lakini siku nne na faili zangu mkononi mwa mtu nisiyemjua zilinikosesha usingizi. Ndipo nikanunua seti ya kulehemu, na leo nataka kueleza ilivyonifaa na ilivyoniangusha, kwa sababu nilipokuwa naitafuta sikupata mtu wa kunieleza kwa lugha yangu.

Kwanza nilikwenda kwa mzee jirani yetu aliyekuwa fundi wa redio miaka mingi. Baada ya shikamoo na chai, aliniuliza swali moja: "Mwanangu, chaja yenyewe umeipima?" Sikuwa nimeipima. Akanitolea multimita yake, kile kifaa cha kupimia umeme, tukaweka ncha moja ndani ya kichwa cha chaja na nyingine nje: volti 19 na ushei, haitetereki hata nikiukunjakunja waya. Chaja nzima. Basi ugonjwa uko upande wa laptopu.

Ukifikiria kununua vifaa hivi, fungua laptopu yako kwanza uone. Nyingi zina tundu la chaja lililofungwa kwenye waya mfupi wenye kichwa cha kuchomeka. Hiyo hutaki pasi ya kulehemu wala nini, unafungua skrubu, unachomoa, unachomeka jingine, umemaliza. Yangu ilikuwa ile ngumu. Tundu limesimama juu ya bodi yenyewe kwa miguu mitano, na kwa kioo cha kukuzia niliona duara jembamba la ufa limezunguka mguu wa kati, ule wa chanya, na ukungu wa kijani pembeni. Hewa yetu ya chumvi haiachi chuma.

Sasa seti yenyewe. Nilinunua duka la vifaa vya umeme karibu na Mwembe Tayari: pasi ya wati 60 yenye kirekebisha joto kwenye mpini, imeandikwa nyuzi 200 hadi 450, ncha tano za kubadilisha, pampu ya kunyonya lehemu (ile madini inayoyeyushwa kuunga miguu na bodi), kikalio, kibano, na kikunjo kidogo cha waya wa lehemu. Plagi ni ya miguu miwili, kwa hiyo ongeza bei ya adapta. Na kwa kuwa miguu ni miwili, pasi haina waya wa ardhi: nilitoa betri na kuchomoa chaja kabla sijaigusa bodi, na nakusihi ufanye hivyo hivyo.

Mzee aliitazama ile lehemu ya bure, akaiyeyusha kidogo, ikajikunja kama tope. Akanirudisha dukani nikanunue waya wa 60/40, yaani bati sehemu 60 na risasi sehemu 40, unene wa milimita 0.8, kwa shilingi 450, na fluksi, dawa ya kupaka ili lehemu ishike vizuri, ya shilingi 250. Haya mawili yalifanya kazi kubwa kuliko seti nzima, na sababu yake ni hii. Tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi kwenye vifaa vya umeme, watengenezaji wengi wa kompyuta walihamia lehemu isiyo na risasi, na hiyo haiyeyuki mpaka ifike kama nyuzi 217. Ile ya 60/40 huanza kulainika kwenye 183. Ukiyeyusha mpya yenye risasi juu ya ile kuukuu ya kiwandani, zinachanganyika na mchanganyiko wake unakubali kuyeyuka mapema. Kwa hiyo kabla ya kutoa, unaongeza. Jambo hili lilinishangaza, na bila hilo ningeiunguza bodi.

Kwa siku mbili nilifanya mazoezi kwenye bodi ya redio mbovu: kutoa, kurudisha, kutoa tena. Usiruke hatua hii. Mkono unahitaji kujua ni muda gani lehemu inang'aa kama maji na muda gani ngozi ya bodi inaanza kubadilika rangi.

Siku ya kazi niliianza saa mbili usiku kwa sababu ya joto. Feni ikiwashwa inapoza ncha na kupeperusha fluksi, ikizimwa jasho linadondoka kwenye bodi. Nikafunga leso kichwani, nikafungua madirisha yote mawili ili moshi utoke, watoto nikawapeleka chumba kingine. Moshi ule si risasi, kwa joto la pasi risasi haigeuki mvuke. Ni fluksi inayoungua, lakini unawasha kifua. Risasi yenyewe inaingia kwa mikono: usile, usijiguse mdomo, na nawa kwa sabuni ukimaliza.

Nilianza na ncha ya sindano kwa sababu ilionekana nadhifu. Kosa. Miguu ya hasi imeungwa na tabaka pana la shaba ndani ya bodi, na shaba hiyo inanyonya joto yote. Dakika nzima mguu haukulainika hata kidogo. Nikabadilisha, nikaweka ncha bapa ya patasi, nikapandisha hadi 380, nikamwomba wifi yangu draya yake ya nywele, naye akapuliza hewa ya moto chini ya bodi dakika tatu huku mimi nikishika pasi. Hapo mguu wa kwanza ukang'aa.

Na hapa ndipo pampu iliponiangusha. Inavuta, lakini springi yake inarudi kwa kishindo, mdomo unaruka, na mara ya nne uligonga bodi. Mguu wa chanya uliponyoka na kipande cha shaba kilichouzunguka, kama ukubwa wa punje ya mtama. Nilikaa chini. Nilidhani nimeiua.

Kumbe nilikuwa napigania kulitoa tundu zima bila sababu, maana lilikuwa la kutupwa. Mzee aliniambia nichukue koleo la kukatia nivunje plastiki, nikate miguu, nitoe mmoja mmoja kwa kibano. Miguu mitatu iliyobaki ilitoka kwa dakika kumi. Matundu yaliyobaki yameziba kwa lehemu niliyasafisha kwa kijiti cha mshikaki kilichochongwa kikawa chembamba: unaiyeyusha upande mmoja, unapenyeza kijiti upande wa pili. Lehemu haishiki mti.

Tundu jipya lilinigharimu shilingi 400. Nenda na la zamani mkononi. Langu lilikuwa la milimita 5.5 kwa 2.5, na kuna la 5.5 kwa 2.1 linalofanana nalo kabisa kwa macho; pini ya lile ni nyembamba zaidi, kichwa cha chaja kitaingia lakini kitacheza, na utarudi ulikotoka.

Kurudisha kulikuwa rahisi. Pale shaba ilipobanduka, nilifuata njia yake kwa multimita mpaka kwenye kipande cha karibu kilichounganishwa nayo, nikaunga kwa waya mfupi niliouvua plastiki. Usitumie uzi mmoja mwembamba: chaja ya wati 65 inapitisha zaidi ya ampia tatu, nami nilisokota nyuzi kadhaa pamoja. Nikasugua kwa spiriti na mswaki, kisha nikapima kati ya chanya na hasi. Multimita ikilia hapo, kuna shoti, usichomeke kitu. Haikulia. Nikachomeka chaja bila betri, nikabonyeza, ikawaka. Nilimkumbatia wifi na draya yake mkononi.

Huu ni mwezi wa tatu. Kitaa hakijazima, hata nikiihamisha laptopu mezani huku inachaji.

Pasi nainunua tena bila kusita; ukiweka ncha ya patasi, wati 60 zinatosha kwa kazi hii. Namba za kwenye mpini usiziamini sana, tazama lehemu inavyoyeyuka. Pampu iache pembeni, nunua utepe wa shaba wa kunyonyea. Kibano ni kilaini, kinapinda. Ukijumlisha seti, lehemu, fluksi na tundu, nilitoa 2,950, na ukiongeza adapta hujaokoa kitu kikubwa ukilinganisha na fundi. Ila vifaa vimebaki kwangu na faili zangu hazikutoka nyumbani.

Wiki iliyopita wifi aliniletea yake, tundu limelegea pia. Ni ile ya USB-C, miguu yake imesongamana kama meno ya kitana. Nilimwambia ukweli: hiyo siiwezi kwa pasi hii. Tumempelekea fundi mwenye darubini na mashine ya hewa ya moto, na nimekaa naye dukani mpaka amalize.