Kulainisha injini mpya ya O.S. 46AX: uzoefu wangu hapa Mombasa

Kulainisha ni kuizoesha injini mpya kazi kabla ya kuirusha. Injini yangu ya kwanza ya ndege ndogo za mfano, zile za rimoti, niliiharibu kwa kuihurumia. Niliambiwa injini mpya inyweshwe mafuta tele na iungurume polepole saa nzima. Nikafuata. Kompresheni, yaani mbano ndani ya silinda, ikaisha kabla haijapaa hata siku moja.

Ushauri ule ni wa injini zenye ringi, zile pete zinazozunguka pistoni. Hii mpya yangu, 46AX, haina. Silinda yake imepakwa nikeli, tena imebana kidogo kule juu. Ikipata moto hutanuka, pistoni ikapita sawasawa. Ukiizungusha baridi muda mrefu, pistoni inajisugua palepale panapobana hadi panalegea. Kwa hiyo ukizungusha propela kwa mkono na kuhisi inakwama juu, usiogope. Injini mpya ndivyo inavyokuwa.

Niliifunga kwenye ubao wa mninga, ubao kwenye jiliwa, uani kwetu Changamwe. Kikoi nilikivua nikavaa suruali, maana propela ya 11x6 (upana inchi 11, hatua inchi 6) haichagui inachokamata. Ilipowaka nilifungua koo lote la karabureta, sindano ya mafuta (skrubu ya kupimia mafuta yanayoingia) ikiwa wazi, ikawa inanguruma kwa kukatakata na moshi mzito. Nikafunga sindano taratibu mpaka mlio ukakaza, sekunde kama kumi hivi, nikaifungua tena. Hapo ndipo kazi ilipo: ipate moto, ipumue, ipate moto tena. Kila tangi likiisha niliiacha ipoe kabisa, hadi naweza kuishika mkononi.

Lililonisumbua ni mafuta. Galoni la kwanza nililonunua mjini kizibo chake kilikuwa kimelegea, na methanoli, ambayo ndiyo mafuta ya injini hizi, hunyonya unyevu. Kwa hewa yetu hii ya bahari halikufaa. Injini ilikuwa inakohoa na kuzima. Nilipopata galoni lililofungwa vizuri, lenye mafuta kidogo ya mbarika kwenye oili yake, ilitulia. Na jamani, methanoli ikiwaka mwali wake hauonekani juani. Ndoo ya maji iwe karibu, watoto wawe mbali.

Tangi la tano ikashika mlio mmoja mwembamba, haishuki. Nimeipenda mno injini hii, ningeinunua tena kesho. Ila kila jioni choma mafuta yote yaliyobaki ndani, kisha tia matone ya oili kwenye karabureta na kwenye tundu la plagi, uizungushe kwa mkono. Beringi zake ni za chuma, na chumvi ya Pwani mnaijua.