Ampli ya kupigia solo: uliza busti iko wapi kabla ya kuuliza wati

Busti ni sehemu ya ampli inayotakiwa kuinua sauti ya gitaa ukifika kwenye solo au sebene, ile sehemu ya kasi inayoongozwa na gitaa. Malalamiko ya wapiga gitaa wa Katuba, Kenya na Ruashi, mitaa ya hapa Lubumbashi, yanayonifikia yanafanana: "Yaya, nimenunua ampli yenye busti, lakini sebene ikianza nikikanyaga, hakuna anayenisikia." Mmoja wao anapigia kwaya. Anasema akikanyaga, gitaa linakwaruza badala ya kupanda, kisha kinanda na ngoma vinamfunika mpaka wimbo uishe. Ampli yake ni nzima kabisa. Busti aliyouziwa si ya sauti.

Wati, uzito na uzuri wa sanduku muuzaji atakuimbia bila kuulizwa, kwa hiyo mimi nayaacha. Swali langu ni moja: busti imekaa wapi ndani ya ampli? Mlio wa gitaa hupita kwanza kwenye hatua ya mwanzo, penye Gain (kitufe cha kuukuza mlio unapoingia), ndipo ufike kwenye Master (kitufe cha sauti ya mwisho) na hatua ya nguvu inayosukuma spika. Busti ikikaa mbele ya Gain, inailisha hatua ya mwanzo kupita kiasi. Kama tayari unapiga kwa mkwaruzo, hatua hiyo imeshajaa, na utakachopata ni mkwaruzo zaidi. Kama unapiga safi, kama wapiga sebene wetu wengi, sauti itapanda kidogo, halafu zile noti za nyuzi nyembamba zinazokimbizana zitaanza kushikana na msikilizaji hazitenganishi tena. Busti ikikaa baada ya Gain, sauti yako inapanda ilivyo. Hiyo ndiyo ya kulipia.

Dukani, pandisha Master mpaka kiasi unachopigia ukiwa na ngoma, piga sebene yako kwenye nyuzi nyembamba, noti za juu, kisha washa busti. Ukisikia rangi ya sauti imebadilika lakini nguvu ni ile ile, iache. Na usijaribu kwa sauti ndogo, kwa sababu kwa sauti ndogo kila busti ni tamu. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio linahitaji kama desibeli 10 ili lione sauti imekuwa maradufu. Ampli inayopiga ukingoni haina tena pa kupandia, hata busti yake ikae mahali sahihi.

Ya kwanza kwangu ni Marshall DSL40CR, na sifichi kwamba Marshall naipenda. Ina Master mbili. Ya kwanza unaitegea kusindikiza mwimbaji, ya pili unaiweka juu kidogo kwa solo, na unahama kwa mguu. Zote mbili ziko baada ya Gain, kwa hiyo chaneli ya Classic Gain ukiiweka safi inabaki safi hata atalaku, mhamasishaji wa bendi, akishika maikrofoni. Inaweza kushushwa hadi wati 20. Ukiwa na orkesta nzima usiishushe, iache kwenye 40 upate nafasi ya kupanda.

Ya pili ni Mesa/Boogie yenye kitufe cha Solo, kama Lone Star au Dual Rectifier ya chaneli tatu. Solo yake huanzia pale Output (sauti yake ya mwisho) ilipo na kwenda juu, kwa hiyo huwezi kukanyaga ukajikuta umeshuka. Kwa kazi hii inaizidi hata Marshall yangu. Inakuwa ya pili kwa bei yake tu, na kwa uzito wa kuibeba.

Fender Hot Rod Deluxe naiweka ya tatu, na hapa ndipo wengi wanaponasa. More Drive yake ni Gain ya ziada kwenye chaneli ya mkwaruzo, na kwenye chaneli safi haikusaidii kitu. Lakini usafi wake ni mzuri mno kuutupa. Ina matundu ya Preamp Out (mlio unapotoka hatua ya mwanzo) na Power Amp In (unapoingia hatua ya nguvu): katikati yake weka pedali ya ikwalaiza ya Boss GE-7, acha vidhibiti vyake vyote saba vya toni kwenye sifuri, inua Level peke yake desibeli 4 au 5. Hapo umepata busti ya kweli.

Boss Katana 50: Booster yake iko mbele ya Gain, kwa hiyo usiitegemee kwa solo. Hifadhi sauti ile ile kwenye chaneli mbili, moja ukiipa Volume zaidi. Ampli za wati 10 ni za chumbani.

Sasa wauzaji. Busti nyingi hufanya kazi kwa kanyagio tu, na ampli za mitumba zinafika hapa Lubumbashi bila kanyagio: nyuma unaona tundu lililoandikwa Footswitch, tupu. Ukiuliza liko wapi, unajibiwa, "Mama, hilo ni bei nyingine," na siku nyingine ndilo lile lile lililotoka na ampli, limewekwa rafu ya pili. Huu ni wizi na nauita hivyo. Tena soma kibandiko cha nyuma mwenyewe. Ampli ya Marekani ya volti 120 ukiichomeka kwenye 220 yetu bila transfoma inaungua, na aliyekuuzia atasema uliiharibu wewe. Bei ya transfoma iondolewe kwenye bei ya ampli, na ya kanyagio pia. Akikataa, toka, hata kama ni Marshall.